Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa IFPMA: Tunavyowaona maofisa wenu wa sayansi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirikisho la Kimataifa la Watengenezaji wa Dawa na Vyama Vyao (IFPMA),
Geneva, Uswisi.

YAH: MAOFISA WA SAYANSI WA KAMPUNI ZA DAWA NA IMANI YA MADAKTARI

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Wagonjwa wangu wengi ni wa kifafa, kiharusi na kipandauso. Dawa za magonjwa hayo ni nyingi na mpya hazikatiki, kwa hiyo mlango wangu hugongwa mara kwa mara na watu wa kampuni zilizo chini ya mwavuli wa shirikisho lako. Barua hii inahusu kundi moja tu kati yao, wale maofisa wa uhusiano wa kisayansi ambao hospitalini tumezoea kuwaita MSL. Wawakilishi wa mauzo sina haja ya kuwaongelea. Tunawajua, na wao wanajua kwamba tunawajua.

MSL ni habari nyingine. Ana shahada ya uzamivu, au ni mfamasia, au ni daktari mwenzetu aliyeacha wodi. Anasema hauzi kitu. Madaktari wamegawanyika juu yake, na mgawanyiko huo haufuati umri wala cheo. Wapo wanaomhesabu kuwa mwenzao wa taaluma, tena mwenye muda wa kusoma kuliko wao. Wapo wanaosema huyu ni muuzaji yuleyule, ila safari hii amesoma zaidi na haachi sampuli mezani. Kauli zote mbili nimewahi kuzisikia kutoka kinywani mwa daktari mmoja, na sikuona kwamba amejipinga. Alikuwa anaongelea watu wawili tofauti waliobeba kadi za cheo kimoja.

Ninachotaka kukueleza ni kinachowatofautisha watu hao wawili machoni petu, maana naona kiko ndani ya uwezo wa shirikisho lako kukirekebisha.

Nianze na jema, kwa sababu lipo. Wodini kwetu alilazwa mzee aliyepigwa na kiharusi. Hawezi kumeza, analishwa kwa mpira uliopitishwa puani, na juu ya hayo mishtuko yake ya kifafa imemrudia. Kabla ya kiharusi alikuwa tayari kwenye kidonge fulani ambacho kwake kilifanya kazi vizuri. Muuguzi wa zamu akauliza swali ambalo sisi tuliosimama kuzunguka kitanda, na shahada zetu zote, hatukuwa na jibu lake: tukisage tupitishe kwenye mpira, au hapana? Karatasi ya maelezo ilisema kimezwe na maji. Juu ya mpira haikusema neno. Mfamasia alitafuta, hakupata chochote kilichochapishwa. Nikampigia MSL wa kampuni inayotengeneza dawa ile.

Alinirudia jioni ileile. Kampuni ilikuwa imelijaribu jambo hilo maabara, akaniletea barua ya kitaalamu yenye jedwali la vipimo. Unga wa kidonge kile ulinata kwenye kuta za mpira, na sehemu ya dozi haikufika upande wa pili. Data hizo hazikuwahi kuchapishwa popote. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuulizwa: kwa mgonjwa wa namna hii ingefaa zaidi dawa ya maji, na kampuni yake haina ya maji, ila kampuni nyingine wanayo. Akanitajia kampuni yenyewe. Kabla hajakata simu akauliza kama mzee ameshapata madhara yoyote kutokana na kidonge, kwa kuwa akisikia habari ya madhara analazimika kuiripoti kwa kitengo cha usalama wa dawa bila kuchelewa, hata kama ameisikia kwa bahati tu.

Mheshimiwa, tangu siku ile mtu yule akigonga, anaingia. Kilichonivutia ni ile sentensi iliyompeleka mgonjwa wangu kwa mshindani wake, kuliko hata lile jedwali. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapo mwenyeji alipona kweli.

Ukiwauliza madaktari wanaowathamini MSL, utasikia visa vya namna hii vikijirudia kwa sura tofauti. Mmoja atakwambia alipata dozi ya mgonjwa mwenye figo zilizochoka ambaye hakuna jaribio lililomhusisha. Mwingine alielekezwa jinsi ya kuomba dawa ambayo bado haijaingia sokoni kwa mgonjwa aliyebaki bila njia nyingine. Mwingine alionyeshwa jaribio la kitabibu linaloandikisha watu wenye ugonjwa adimu kama wa mgonjwa wake. Hizi ni kazi za kweli, na hakuna mtu mwingine anayezifanya kwa kasi hiyo. Maktaba haipokei simu usiku.

Sasa upande wa pili.

Mwakilishi wa mauzo wa kampuni nyingine alifika kliniki mwisho wa zamu. Tukaongea mambo yake ya kawaida. Alipokuwa anafunga mkoba akasema, "Daktari, kuna mambo ya kipandauso mimi siruhusiwi kuyagusa, kibali chetu bado. Lakini ukiwa na swali, mwenzangu wa sayansi anaweza kuja." Akatoa fomu ya ombi la taarifa za kitabibu. Nikaisoma. Mahali pa jina langu palikuwa wazi, mahali pa sahihi palikuwa wazi, ila mahali pa swali palikuwa pameshachapwa: naomba taarifa kuhusu matumizi ya dawa hii kwa kipandauso. Swali langu lilikuwa limeulizwa kabla sijalifikiria. Sikutia sahihi. Nikamuuliza ni madaktari wangapi wameshaijaza, akacheka tu.

Kwa msomaji asiye wa fani nieleze kwa nini fomu ile ni nzito kuliko inavyoonekana. Dawa huidhinishwa kwa ugonjwa fulani, na kuitangaza kwa ugonjwa mwingine ni marufuku. Kanuni ya shirikisho lako inakataza hivyo, na sheria za nchi nyingi pia. Lakini daktari akiuliza mwenyewe, kwa hiari yake, kampuni inaruhusiwa kumjibu kisayansi. Ni mlango wa haki, na mzee wa mpira wa puani alipitia mlango huohuo. Fomu iliyochapwa swali tayari inaugeuza mlango huo kuwa njia ya magendo. Daktari anayepewa fomu ya namna hiyo hamlaumu mwakilishi wa mauzo peke yake. Anaanza kumtilia shaka na MSL atakayekuja nyuma yake, hata kama MSL mwenyewe hana habari kwamba swali lilipandwa.

Shaka hiyo ina historia, na sisi wa ubongo tunaikumbuka vizuri kwa sababu ilitokea kwenye dawa ya fani yetu. Nafasi ya MSL ilianzishwa na kampuni ya Upjohn ya Marekani mwaka 1967, ikachukua wawakilishi wake wa mauzo waliobobea na wenye msingi mzuri wa sayansi. Mzizi wake basi uko kwenye mauzo. Miaka karibu 30 baadaye, mwaka 1996, mtaalamu wa maikrobiolojia aitwaye David Franklin aliajiriwa kwa kazi hiyo na Parke-Davis, tawi la kampuni ya Warner-Lambert. Dawa yenyewe ilikuwa gabapentin, iliyouzwa kwa jina la Neurontin. Marekani ilikuwa imeiidhinisha mwishoni mwa 1993 kwa jambo jembamba sana: iongezwe juu ya dawa nyingine kwa watu wenye aina fulani ya kifafa. Franklin alikuta maofisa wanatumwa kuwashawishi madaktari waiandike kwa maumivu ya kila namna, kwa baipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), kwa kipandauso. Aliacha kazi baada ya miezi michache, akafungua kesi.

Mwaka 2004 Warner-Lambert, wakati huo ikiwa imeshanunuliwa na Pfizer, ilikiri makosa ya jinai na kukubali kulipa dola zaidi ya milioni 430. Serikali ya Marekani ilieleza wazi kwamba miongoni mwa mbinu zilizotumika ni maofisa wa tiba waliojitambulisha, mara nyingi kwa uongo, kuwa wataalamu wa kisayansi wa ugonjwa fulani. Najua kwamba baada ya hapo mengi yalibadilika. Hata kabla ya hukumu, mwongozo wa 2003 wa mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani ulizitaka kampuni zitenge shughuli za ruzuku za elimu na utafiti mbali na idara za mauzo, na kampuni nyingi zikajenga ukuta kati ya idara ya tiba na idara ya biashara. Lakini huo ukuta uko kwenye chati ya uongozi ya kampuni. Sisi tunaona fomu iliyochapwa swali.

Haya, na sisi madaktari je? Nisijifanye kwamba upande wetu kuna malaika. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 uliwauliza madaktari waliokuwa mafunzoni kama wawakilishi wa kampuni wanayumbisha maamuzi yao. Asilimia 61 walisema hapana, mimi siyumbishwi. Walipoulizwa kuhusu madaktari wengine, ni asilimia 16 tu waliosema kwamba wenzao nao hawayumbishwi. Hesabu hiyo haifungi, na kila nikiisoma nacheka kwa uchungu. Mwaka 2016 ukatoka utafiti mwingine, wa madaktari wapatao 280,000 wanaotibu wazee wa bima ya umma ya Marekani. Ulionyesha kwamba hata daktari aliyelipiwa mlo mmoja tu na kampuni alielekea kuandika zaidi dawa ya kampuni hiyo kuliko ambaye hakulipiwa, na wastani wa gharama ya mlo ulikuwa chini ya dola 20. Waandishi walikuwa makini kusema kwamba huo ni uhusiano, haithibitishi kwamba mlo ndio uliosababisha. Sawa. Ila sijasikia kampuni inayonunua milo kwa kubahatisha.

Shirikisho lako lilichukua hatua hapo. Kanuni mpya iliyoanza tarehe 1 Januari 2019 ilipiga marufuku zawadi kwa madaktari, pamoja na vile vikorokoro vyenye jina la dawa. Kilichobaki ni kalamu na daftari kwenye mikutano ya kampuni, navyo visiwe na jina la dawa. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini kuna jambo ambalo nadhani halikuangaliwa vya kutosha. Mlipoondoa zawadi nyingine zote, iliyobaki mkononi mwa kampuni ni maarifa, na maarifa ndiyo zawadi ambayo daktari ana njaa nayo kuliko zote. Kalamu nilikuwa naisahau kwenye koti. Mtu aliyenisaidia kumlisha mzee dawa sahihi simsahau. Nikikutana naye kwenye kongamano namtafutia kiti karibu yangu, na atakapokuja siku nyingine na habari ya dawa mpya nitamsikiliza kwa sikio laini kuliko ninavyomsikiliza mwingine. Deni hilo halionekani kwenye rejista yoyote ya malipo. Ndiyo maana ubora na unyoofu wa maarifa yenyewe ni jambo zito kuliko mnavyolichukulia.

Na hapo kwenye unyoofu tunawapima kwa maswali mawili. Nakuandikia hapa bila kuficha, maofisa wenu wajiandae.

La kwanza ni hesabu. MSL akisema dawa imepunguza hatari kwa asilimia 36, tunamuuliza: kutoka ngapi hadi ngapi? Mfano huo sijautunga. Ni wa jaribio maarufu la ASCOT la 2003, la dawa ya kolesteroli atorvastatin kwa watu wapatao 10,300 wenye shinikizo la damu. Waliopewa kidonge bandia, yaani kisicho na dawa ndani, asilimia 3 walipata mshtuko wa moyo au kufa kwa ugonjwa wa moyo. Waliopewa dawa, asilimia 1.9. Kupungua kutoka 3 hadi 1.9 ni karibu theluthi, hiyo ni kweli. Na ni kweli pia kwamba kwa kila watu 100 waliotumia dawa kwa miaka zaidi ya mitatu, aliyeokolewa ni kama mmoja. Namba zote mbili ni halali, na dawa ni nzuri. Ila MSL anayetanguliza ile kubwa na kuiacha ndogo kwenye maandishi ya chini ya slaidi ameshajieleza kwetu ni nani. Anayeweka zote mbili juu, pamoja na safu ya madhara kwa kipimo kilekile, tunamwita hata kwenye mafunzo ya madaktari wetu vijana.

Swali la pili ni fupi: kuna majaribio ya dawa hii ambayo hayakuchapishwa? Hilo nalo halikutoka hewani. Mwaka 2008 watafiti walichukua majaribio 74 ya dawa za sonona yaliyosajiliwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani wakayafuatilia moja moja. Kati ya 38 yaliyoonyesha matokeo mazuri, 37 yalichapishwa. Kati ya 36 yaliyobaki, 22 hayakuchapishwa kabisa, na 11 yalichapishwa kwa namna iliyoyafanya yaonekane mazuri. Yaani daktari aliyesoma majarida yote kwa bidii alikuwa anasoma hadithi iliyokatwa upande mmoja. Mwaka 2010 ikaja ya reboxetine, nayo ya sonona: wachunguzi wa Ujerumani waligundua kwamba karibu robo tatu ya data za wagonjwa hazikuwa zimechapishwa, na zilipowekwa pamoja na nyingine dawa ikaonekana haina faida kuliko kidonge bandia. Madaktari waliokuwa wanaiandika hawakuwa wajinga. Walisoma kilichokuwepo.

Nikiliuliza swali hilo huwa namtazama MSL usoni. Kuna anayesema, "Yapo mawili, moja lilisimamishwa kwa sababu hii, nitakuletea muhtasari wa matokeo." Kuna anayesema, "Sina hakika, naomba nikuandikie." Hao wote wawili nitawapokea tena. Kuna wa tatu anayetabasamu na kufungua slaidi inayofuata.

Sasa nije kwenye jambo ambalo madaktari wengi hawalijui kabisa, na ambalo liliniudhi kuliko ile fomu. MSL mmoja alikuwa ananionyesha grafu kwenye kishikwambi chake. Akagusa vibaya, programu ikarudi ukurasa wa nyuma, na huo ukurasa ulikuwa wangu mimi. Jina langu, hospitali yangu, daraja nililopewa kwa herufi, na chini yake maelezo ya mazungumzo yetu ya nyuma: kwamba nina wasiwasi na madhara ya dawa yao kwa akina mama wajawazito, na kwamba msimamo wangu "unaweza kubadilika". Alikifunga haraka, akaona haya, nami nikaona haya kwa niaba yake. Tukamaliza mazungumzo kwa adabu.

Nilipotuliza hasira nikajiuliza kilichoniuma ni nini hasa. Mazungumzo kuandikwa si tatizo, mimi mwenyewe naandika kila ninachoambiwa na mgonjwa. Kumbukumbu hizo za MSL zina manufaa: kampuni ikisikia kwamba madaktari wengi wanahofia jambo fulani, inaweza kwenda kulifanyia utafiti. Kilichouma ni kwamba nilidhani nimekaa kwenye mazungumzo ya wataalamu wawili, kumbe mmoja wetu alikuwa kwenye usaili na hakuambiwa. Mgonjwa akitaka kuona faili lake kwangu ana haki ya kuliona. Tangu Mei 2018 sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya inampa mtu haki ya kuomba aonyeshwe taarifa zake binafsi zinazoshikiliwa na kampuni, daktari akiwemo. Lakini haki ambayo mtu hajui kwamba anayo haimsaidii, na madaktari walio nje ya mipaka ya sheria kama hiyo hawana hata pa kuanzia.

Na hilo daraja la herufi linanifikisha kwenye lawama nyingine, ya haraka. MSL wanakwenda kwa wenye majina. Profesa anayeandika miongozo ya matibabu hupokea maofisa mpaka anachoka. Daktari kijana wa hospitali ndogo, aliye peke yake na mgonjwa mgumu na hana mfamasia bingwa wa kumuuliza, hamwoni MSL mwaka mzima. Kisayansi haiingii akilini, kwa sababu mwenye uhitaji mkubwa wa jibu ni yule asiye na wa kumuuliza. Kibiashara inaeleweka vizuri sana: profesa akishawishika, mwongozo unabadilika. Kampuni isishangae basi daktari kijana akikua akiamini kwamba MSL ni mtu wa kushawishi wakubwa. Hajawahi kumwona akifanya kazi nyingine.

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, nisingependa ujibu barua hii kwa kusema kwamba kila kampuni ina taratibu zake za ndani. Zipo, nimeonyeshwa baadhi, na zinasomeka vizuri. Tatizo ni kwamba ni za ndani. Imani inaombwa kwangu mimi niliye nje. Kwa hiyo naomba mambo haya yaingie kwenye kanuni ya shirikisho, mahali ambapo daktari yeyote anaweza kuyasoma na kumwonyesha mgeni wake kwa kidole.

Kwanza kabisa, malipo. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani kuhusu utangazaji wa dawa, vilivyopitishwa mwaka 1988, vilisema kwamba sehemu kubwa ya malipo ya wawakilishi wa dawa isifungwe moja kwa moja na kiasi wanachouza. Hao ni wauzaji. Kwa ofisa anayejiita wa sayansi kiwango kinapaswa kuwa juu zaidi: hata senti moja ya bonasi yake isitegemee mauzo, wala idadi ya madaktari aliowatembelea, wala ni wangapi "wamebadilika". Na hilo liandikwe. MSL akija mara ya kwanza anipe karatasi ya ukurasa mmoja inayosema analipwa kwa vigezo gani na bosi wake yuko idara ipi. Aliye safi itamjenga, hiyo karatasi. Nimezungumza na MSL wenyewe kuhusu hili, na wazuri kati yao wanaitaka kuliko mimi, kwa sababu wamechoka kubeba aibu ya wenzao.

Kuhusu maswali ya nje ya kibali, daktari aandike swali lake mwenyewe, kwa maneno yake, na alitume moja kwa moja kwa idara ya tiba bila mkono wa mauzo kuligusa. Fomu yenye swali lililochapwa ihesabiwe kuwa ukiukaji wa kanuni kwa sura yake tu, bila kusubiri ithibitishwe nia. Na jibu likija, lije na ushahidi unaopinga pamoja na unaounga mkono, na orodha ya majaribio yote yaliyosajiliwa ya matumizi hayo, yaliyochapishwa na yasiyochapishwa.

Kumbukumbu zinazoandikwa juu yetu tuzione tukiomba, popote tulipo duniani, na tuambiwe zipo kabla hatujafungua mdomo. Daraja la herufi nalo mlifute. Kama haliwezi kufutwa, basi angalau tuambiwe.

Na fungueni simu kwa wasio na majina. Kila kampuni inayopeleka MSL kwa maprofesa iwe na namba ambayo daktari yeyote anaweza kuipiga akajibiwa na mtu mwenye elimu ileile, kwa muda uleule. Najua kampuni nyingi zina kitengo cha taarifa za kitabibu. Kipigie simu kimojawapo, Mheshimiwa, ujitambulishe kuwa daktari wa hospitali ndogo, uulize kama kidonge chao kinaweza kupitishwa kwenye mpira wa puani. Kisha mwombe profesa mmoja aulize swali hilohilo, ulinganishe saa.

Upande wetu nao una wajibu, nami nimeshaanza kuusukuma hospitalini kwetu. MSL hatapokelewa pamoja na mwakilishi wa mauzo kwenye chumba kimoja. Akizungumza na madaktari walio mafunzoni, bingwa mmoja asiye na uhusiano na kampuni yake atakuwepo na atauliza yale maswali mawili. Atakachotuachia tutakisoma pamoja na chanzo huru kabla hakijagusa cheti cha dawa cha mgonjwa yeyote. Wenzangu wachache wanaona nimekaza kamba mno. Wengine wanaona ningefunga mlango kabisa, na hoja yao si dhaifu: wanauliza kwa nini mgonjwa ategemee hisani ya kampuni ili kujua kama kidonge kinasagika, wakati data hiyo ingepaswa kuwa wazi kwa wote tangu siku dawa ilipopewa kibali. Sina jibu la kuwarudishia. Labda wewe unalo, na kama unalo naomba uliweke kwenye majibu yako, kwa sababu data hizo zikichapishwa zote, sehemu kubwa ya simu ninazowapigia MSL haitakuwa na sababu.

Naomba jibu kwa maandishi, nitalisambaza kama lilivyo kwa madaktari wenzangu.

Wako katika taaluma,

Daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu